Ulinganisho: matairi ya baridi, ya hali zote, au niuze gari nichukue fowili? (Minneapolis)

NesiWaTanga (Minneapolis)
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia huku kutoka Houston mwezi wa sita, kwa hiyo kuendesha najua, theluji ndiyo siijui. Nina Corolla ya kawaida, ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele, na matairi yake ni yale ya misimu yote yaliyokuja nayo. Nafanya zamu za usiku ng'ambo ya mto, St. Paul, na kazi yenyewe haina "leo siji, kuna theluji". Nimezunguka maduka, nimebakiwa na njia hizi:

1. Nibaki na matairi niliyonayo, niende taratibu.
2. Ninunue ya "hali zote", yenye ile alama ya mlima na chembe ya theluji, yakae mwaka mzima.
3. Seti kamili ya baridi kwenye rimu zake za chuma. Nimetajiwa kama dola 850.
4. Niuze Corolla nichukue fowili, yaani gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Shemeji yangu amekomaa na hii.

Kuna na ya tano, ya kibahili: ninunue mawili tu ya baridi nifunge mbele, kwani si ndiyo yanayovuta? Mliokula baridi miaka mingi, nipeni ukweli.

KakaBukavu (Sherbrooke)
Dada, ile ya tano ifute kabisa. Ukifunga mawili mbele, mbele patashika na nyuma hapatashika. Ukipiga breki kwenye kona, mkia wa gari unakupita ubavuni na wewe unageuka kutazama ulikotoka. Ni manne au usinunue.

Huku Québec hatuna mjadala, sheria imeumaliza: kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi kila gari dogo linalosajiliwa huku lazima liwe na matairi ya baridi, na faini inaanzia dola 200. Watu walinung'unika kuhusu gharama wakati sheria inaanza mwaka 2008. Sasa hata asiyelazimika anayavaa.

MangiWaCalgary
Mimi namuunga mkono shemeji. Mnazungumza kana kwamba kila mtu anakaa pembeni ya barabara kuu inayokwanguliwa saa kumi alfajiri. Uchochoro wa nyuma ya nyumba yangu greda likipita ni bahati, na kutoka gereji kuna mteremko. Magari ya mbele-tu nayaona kila mwaka yanazungusha magurudumu pale pale mpaka majirani watoke na makoleo. Fowili inatoka. Basi.

Mwalimu_wa_Fizikia (Toronto)
Mangi, inatoka kweli. Itasimama?

Dada, shika hapa. Fowili inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne, basi inakusaidia kuondoka na kupanda. Breki kila gari lina magurudumu manne yenye breki, kwa hiyo kwenye kusimama fowili haina cha kuongeza, na kwa kawaida ni gari zito zaidi. Kinachosimamisha gari ni mpira unaogusa lami tu.

Makadirio ya darasani kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, tangu breki ziume (muda wa kushtuka sijauweka): lami kavu, kama mita 13. Theluji iliyoshindiliwa, na mpira mzuri, kama mita 30. Barafu yenye unyevu, karibu mita 90. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali huo unashuka hadi robo. Ndiyo maana "niende taratibu" si ushauri wa kudharau, hata kama peke yake hautoshi.

Sasa mpira wenyewe. Tairi la kawaida huanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi. La baridi limechanganywa ili libaki laini, na lina mikato midogo mingi inayoing'ata theluji. Alama ya mlima na chembe ya theluji maana yake tairi limepita jaribio la theluji. Herufi M+S (matope na theluji) ni neno la mtengenezaji tu, hakuna jaribio nyuma yake. Angalia ubavuni mwa hayo uliyonayo. Nahisi utakuta M+S peke yake.

Jakisumu (Stuttgart)
Naongezea kwa Mwalimu. Ujerumani wamelikata hilo la M+S: tangu Oktoba 2024 halikubaliki tena kama tairi la baridi, lazima ile alama ya mlima. Ukikamatwa na tairi lisilofaa barabarani kukiwa na theluji au barafu, ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako. Wenyeji wana kanuni yao ya kukumbuka, "toka Oktoba mpaka Pasaka".

Lakini mimi mwenyewe natumia namba 2, ya hali zote, mwaka wa tatu huu, na sioni shida. Stuttgart theluji inakuja, inakaa kidogo, inakwisha. Sina stoo ya kuweka matairi manne, na gharama ya kubadilisha mara mbili kwa mwaka naiokoa. Inategemea unaishi wapi, na nani atakulaumu usipofika kazini.

MamaPemba (Oslo)
Hapo Jakisumu umesema kweli, na ndiyo tofauti yenyewe. Minneapolis si Stuttgart. Baridi ya huko inashuka chini ya sifuri mwezi mzima isiinue kichwa.

Mwanangu, huku kuna na chaguo ambalo hukulitaja: matairi ya misumari. Kwenye barafu tupu hayana mpinzani. Tunaruhusiwa kuanzia Novemba mpaka Pasaka ipite, kaskazini muda mrefu zaidi, ila ukiingia nayo Oslo unalipia, kwa sababu yanasaga lami na vumbi lake linaingia vifuani mwa watu. Ninayo kwa ajili ya kwenda milimani kwa binti yangu. Kwa mjini pekee nisingehangaika nayo.

MzeeWaMalori (Denver)
Mama shikamoo. Misumari Minnesota ni marufuku kwa wakaazi, kwa hiyo hiyo tumuondolee nesi. Na kabla hajatokea wa kumwambia anunue minyororo: minyororo ni ya milimani. Sisi wa malori huku Colorado tunatakiwa kuwa nayo garini kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Mei. Ukishaifunga hutembei zaidi ya maili 30 kwa saa. Kwa mji wa tambarare uliokwanguliwa ni kujitesa.

Kura yangu ni namba 3, na nitakwambia kwa nini si namba 2. Wewe unatoka kazini saa moja asubuhi umekesha. Mtu aliyechoka anachelewa kukanyaga breki, kwa hiyo nafasi ya kusimamia inunue kwa mpira. Halafu hizo 850 usizihesabu zote kama hasara: miezi mitano ya baridi yale mengine yanapumzika chini ya nyumba, hayaliki. Rimu utatumia mpaka gari life.

Mengine ni ya usukani. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa kuwa upepo unapita juu na chini, na wewe unavuka Mississippi kila siku. Uondoe mguu kwenye mafuta kabla ya kulifikia daraja, ukiwa juu yake usibadili chochote ghafla. Kruzi, ile inayoshika mwendo yenyewe, izime. Acha sekunde nane mpaka kumi kati yako na wa mbele. Ukiliona greda la theluji, kaa nyuma yake. Barabara iliyo mbele yake ndiyo mbaya.

MangiWaCalgary
Sawa, kwenye breki nimekubali. Ila mngesema pia fowili YENYE matairi ya baridi inashinda zote, maana ndiyo niliyonayo.

Mwalimu_wa_Fizikia (Toronto)
Inashinda, Mangi, na bei yake inashinda pia. Yeye ana Corolla nzima isiyodaiwa.

Kitu kingine ambacho wageni wengi hukichukulia kinyume: siku ya kuogopa si ile ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Barafu ya baridi kali ni kavu, inashika kiasi. Inayoangusha watu ni ya karibu na sifuri, mchana imeyeyuka, jioni imeganda tena, juu yake kuna utando wa maji na ukiitazama unaona lami iliyolowa tu. Mvua inayogandia chini ndiyo mbaya kupita zote, hapo hata haya matairi tunayoyasifu hayakuokoi. Bora ulale hospitali. Chumvi nayo ina mpaka wake: lami ikishuka chini ya Farenhaiti 15 hivi, ya kawaida inakuwa kama haipo.

Na upepo wa matairi pima kila baridi inaposhuka sana. Kila Farenhaiti 10 zinazopungua, upepo unapungua kama psi moja, kile kipimo cha upepo wa tairi.

NesiWaTanga (Minneapolis)
Asanteni sana, nimeangalia: M+S tupu, Mwalimu umebashiri. Nachukua namba 3, shemeji nitamjibu kwa hesabu za mita. Swali la mwisho: gari likianza kuteleza nafanya nini hasa? Houston tulifundishwa kupapasa breki.

MzeeWaMalori (Denver)
Corolla yako ina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki. Kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie. Pedali itatetemeka na kukoroma chini ya kiatu, usiiachie, ndiyo inafanya kazi yake. Kama ni mkia unaokwenda pembeni na wala hukuwa umepiga breki, toa mguu kwenye mafuta, macho yaende unakotaka kwenda, usukani uyafuate polepole. Theluji ya kwanza ikianguka, tafuta maegesho makubwa yaliyo wazi, umwombe mwenyewe, ujizoeze hapo mpaka mwili uelewe.

KakaBukavu (Sherbrooke)
Na yale maji ya kioo uliyotoka nayo Texas yamalize sasa hivi, weka yanayovumilia baridi kali. Yakigandia kwenye bomba, kioo chote chumvi, huoni hata taa za mwenzako. Garini weka koleo, blanketi, mchanga kidogo, na nyaya za kubusti betri. Ukikwama na injini inawaka, toka kwanza ukaondoe theluji kwenye ekzosi, la sivyo moshi wa sumu unarudi ndani. Halafu washa taa kwa mkono: zile zinazojiwasha mchana mara nyingi ni za mbele tu, nyuma uko gizani, na Minnesota theluji ikianguka taa ni sheria.

Mwenyeji_Cedar
Mmemaliza yote isipokuwa la kuegesha. Dada, theluji ikiwa nyingi jiji la Minneapolis hutangaza dharura ya siku tatu. Siku ya kwanza, saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, usiegeshe upande wowote wa njia zilizowekewa alama ya dharura. Ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, mitaa mingine usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa. Ya tatu ni zamu ya witiri. St. Paul wana utaratibu wao tofauti, na wewe utaegesha kote kuwili, kwa hiyo jiandikishe upate tangazo la miji yote miwili. Ukitoka asubuhi ukakuta Corolla haipo, kabla ya kupiga simu polisi piga yadi ya magari yaliyovutwa.

NesiWaTanga (Minneapolis)
Eh! Hilo hata shemeji hakulisema, na yeye ana mwaka wa kumi huku.

Mwenyeji_Cedar
Shemeji ana gereji.