Naomba ushauri: kufundisha kuhusu sonona shuleni

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya bweni, na nimepewa kipindi kimoja kwa wiki kuwafundisha kidato cha pili kuhusu sonona. Dalili nimeziandaa: huzuni au kukosa hamu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuvurugika, na hasira za mara kwa mara, ambazo sisi walimu, kwa bahati mbaya, huziadhibu kama utovu wa nidhamu. Kinachonitatiza ni usiri. Mwanafunzi akiniambia anatamani kufa, siwezi kunyamaza. Lakini wenzake wakijua nimemwita mzazi wake, nahofia hakuna atakayenijia tena. Je, mipaka hiyo niwaeleze tangu kipindi cha kwanza, na kwa maneno gani?