Birthday ya miaka 12, tufanye nini tofauti?

Jamani naomba mawazo. Binti yangu anatimiza 12 wiki mbili zijazo, maputo na jumba la kuruka amekataa katakata, eti ya watoto. Mwaka jana tulileta mtu wa kuchezesha, wenzake wakakaa pembeni kila mtu na simu yake, nikaumia roho. Watakuja nane hivi, nyumba ndogo.

Mama Wawili: Pole mwaya. Umri huo hawataki kuchezeshwa, wape fumbo walihangaikie wenyewe. Mimi nilifungia zawadi kwenye sanduku lenye kufuli la namba nikaficha barua nyumba nzima. Moja niliandika kwa maji ya limau na kijiti cha pamba, ikikauka huoni kitu, ukiipitishia pasi ya moto maandishi yanatoka kahawia maana palipo na limau panaungua kabla ya karatasi. Nyingine nilisogeza herufi tatu mbele, A inakuwa D, B inakuwa E, kama alivyofanya Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale, kwenye barua zake za siri. Ile ya pasi nilishika mwenyewe, lakini ungeona vichwa vilivyobanana pale mezani, neno la kwanza lilipotokea walipiga kelele mpaka nikaruka!

Baba K: Wetu walitengeneza filamu ya vidoli, unapiga picha, unasogeza kidoli kidogo, unapiga tena. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo nusu dakika tu ni picha 360, saa mbili zikaisha hamna aliyeuliza simu yake. Simu ya kupigia picha ifungwe imara isitikisike, sisi ya kwanza ilitikisika ikabidi waanze upya.

Nuru: Kama wanalala hapo watoe nje wakaangalie nyota. Macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza na mwanga wa simu unaharibu yote, hivyo wanaziweka chini wenyewe bila kugombezwa. Ikiangukia karibu na tarehe 12 Agosti au 14 Desemba vimondo ni vingi sana.

Muuliza swali: Asanteni mno, nimemsomea kachagua barua za siri, ila anataka aandike yeye. Sasa mwenye birthday si atajua majibu yote?

Mama Wawili: Mwachie aandike mbili awahangaishe wenzake, za mwisho na namba ya kufuli ziwe zako, usimwambie hata akulilie.