"Mdogo wangu, furahia muziki tu": nimedhalilishwa leo opera, hasira haijashuka

Wakuu,

Naandika nikiwa kwenye treni, maana hii ikilala itachacha. Yule bwana mnamjua. Yule wa skafu, ambaye msiba wowote, harusi yoyote ya Waswahili hapa Ujerumani lazima akabe kipaza sauti. Simtaji. Mnamjua.

Tumetoka kutazama Die Meistersinger, opera ya Wagner, yule mtunzi wa Kijerumani. Muziki peke yake unapita saa nne. Ukiongeza mapumziko unatoka una mvi. Mwishoni Hans Sachs, fundi viatu, anauonya umati juu ya mambo ya kigeni na kuitukuza "sanaa takatifu ya Kijerumani". Kwenye foleni ya makoti nikamwambia yule bwana, kwa adabu, shikamoo nilishampa, kwamba mistari ile inanisisimua mwili kwa ubaya nikikumbuka ilikopita.

Akanipigapiga begani. "Mdogo wangu, wewe furahia muziki tu. Historia tuachie wenyewe."

WENYEWE! Wenyewe akina nani? Kazaliwa Tanga yule!

Historia gani hiyo ya kuachiwa yeye? Opera ilianza München 1868, Ujerumani haijawa hata nchi moja. Mwaka 1924 Bayreuth, tamasha la opera za Wagner, ilipofunguliwa tena baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watazamaji walisimama wakaimba wimbo wa taifa. Tarehe 21 Machi 1933 Wanazi walifanya sherehe yao Potsdam, na jioni ikachezwa hii hii Berlin, Hitler akiwa ukumbini. Mwaka 1943 na 1944 Bayreuth haikucheza opera nyingine yoyote. Waliletwa wanajeshi majeruhi na wafanyakazi wa viwanda vya silaha waitazame. Wieland, mjukuu wa Wagner mwenyewe, mwaka 1956 aliuondoa jukwaani mji wa Nürnberg, ambako hadithi inatokea, akazomewa. Mwaka 2017 Barrie Kosky, Myahudi wa kwanza kuongoza opera kwenye tamasha hilo, akamsimamisha Sachs katika chumba cha mahakama ya huko huko Nürnberg, walimohukumiwa wakuu wa Kinazi.

Kosky naye aambiwe afurahie muziki tu? Na muziki naupenda! Zile sauti tano za tendo la tatu zinanitoa machozi. Ndiyo maana imeniuma. Kanipigapiga begani, wakuu, kama anakung'uta zulia. Mbele za watu!

Pwani_Halisi: Mkuu, hujasema ulimjibu nini. Au ulibaki umeshika koti?

Mleta uzi: Nilifungua mdomo tu, keshaingia kwenye tramu.

Pwani_Halisi: 😂😂 Uzi mrefu hivi, kumbe hukumjibu.

MamaZuu: Wewe kakugusa bega. Mimi alinikatiza kwenye arobaini ya shangazi yangu, akasoma shairi lake mpaka pilau ikapoa.

Kijana_Köln: Hiyo skafu ni yangu jamani. Aliiazima.

Msomaji_Kimya: Mnamsahau Beckmesser, karani wa mji. Anaimba, Sachs anamgongea nyundo ya kiatu kila akikosea, kisha mtaa mzima unageuka ghasia na anapigwa. Kuna wanaosema Wagner alimchora hivyo kuwadhihaki Wayahudi, na wanaokataa. Kosky alilivimbisha jukwaani puto kubwa la kichwa chenye sura ya katuni za chuki.

Mleta uzi: Asante! Hayo ndiyo nilitaka kumweleza, akanipigapiga begani!

Pwani_Halisi: Bega tena.

Mzee_wa_Bremen: Bega litapona kijana. Mimi kero yangu ni mapumziko. Kipande cha mkate na maji, bei ya kuku mzima.

MamaZuu: Afadhali wewe umekula. Jirani yangu kaniitia polisi kwa sababu nimekaanga papa mkavu.

Kijana_Köln: Papa mkavu umempata wapi huku???

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Mzee_wa_Bremen: MamaZuu, duka gani? Wanatuma kwa posta?