Kadudu kapya ka baharini, wanajuaje ni kapya kweli?

Msomi_Ngongona: Wakuu habari za jioni, mi niko huku Dodoma bahari naionaga kwenye simu tu, ila nimesoma kuhusu Dulcibella camanchaca, kadudu ka ukoo wa kamba kalikotolewa mita 7,902 chini kwenye bonde la bahari la Atacama, Pasifiki karibu na Chile, karefu karibu sentimita 4 tu afu eti ni jenasi (kundi la spishi za karibu) mpya kabisa! Wanajuaje sio mtoto wa spishi nyingine?

BintiKondoa: Wanakachambua kwa hadubini kiungo kimoja kimoja, taya, antena, kila mguu mpaka vinywele vyake, vyote vinachorwa afu vinalinganishwa na spishi zilizokwishaandikwa. Hako DNA pia walipima. Utoto unajulikana mkuu, jike akikomaa anakuwa na vibamba tumboni vya kubebea mayai.

Kibaigwa77: Na lazima mmoja ateuliwe kuwa kielelezo rasmi, mara nyingi anakaa kwenye spiriti makumbusho, ukibisha unaenda kumkagua mwenyewe. Jina anachagua anayeandika, kuna mwingine wa 2020 aliitwa Eurythenes plasticus sababu tumboni alikutwa na plastiki, na huyo katoka bonde la Mariana huko Pasifiki, zaidi ya mita 6,000 chini. Inakera aisee.

Msomi_Ngongona: Duh, plastiki imefika mpaka huko! Sasa huyo wa Atacama anakula nini kwenye giza lote lile?

BintiKondoa: Anawinda amfipodi wenzie wadogo (amfipodi ndio kundi lao hawa vidudu), anawanasa kwa miguu ya mbele.