"PDF siyo chapati, dada": leo nimemchoka rasmi huyu mtu wa steshenari

Katibu Mhazili (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikirukana. Nimetoka pale sasa hivi. Sisemi ni wapi maana wote mnamjua. Yule mwenye feni moja inayompuliza yeye peke yake, wateja tunalowa jasho mpaka karatasi zinajikunja mkononi. Yule ambaye ukimpa flashi anaipangusa kwanza kwenye suruali, eti anaogopa virusi, wakati virusi vyote vya wilaya hii vimezaliwa na kulelewa kwenye kompyuta yake.

"PDF siyo chapati, dada. Siyo kila mtu anaweza kuipika."

Maneno hayo nimeambiwa mimi. Mbele ya foleni.

Kazi yenyewe ilikuwa katiba ya kikundi chetu cha akina mama, kurasa 14. Imeshachapwa, wanachama wameshaipitisha mkutanoni, imebaki kuigeuza PDF tu ili ikifika kwa afisa maendeleo ya jamii vifungu visihame ukurasa na fonti zisivurugike. Kwetu umeme ulikatika tangu alfajiri na betri ya laptopu yangu ilishakufa. Nikaenda.

Akachomeka flashi, katiba ikafunguka. Jamani, ilifunguka kwenye LibreOffice! Hii hii ninayotumia nyumbani, ya bure, kitufe cha PDF kiko juu pale karibu na cha kuchapisha, nakiona kabisa nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nikamwambia kwa adabu zote, kaka, bonyeza hicho hapo, weka jina, imekwisha. Akaniangalia. Akaigeukia foleni. Ndipo akasema "PDF siyo chapati, dada", na watu wakacheka. Kuna mzee alikuja kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo, alicheka mpaka akaegemea mlango.

Akaifunga LibreOffice, akafungua programu yake iliyochakachuliwa, ikazunguka pale mpaka watu wakaanza kukaa chini. Ikatoka katiba yenye maandishi mekundu ya mshazari kila ukurasa, yanatangaza kwamba programu haijalipiwa. Kifungu cha riba hakisomeki. Jina la mwenyekiti limekatwa katikati.

Halafu bei: shilingi 1,000 kwa ukurasa. Nikauliza ukurasa upi, mbona hakuna karatasi iliyotoka? Wino umetumika wapi? Akajibu "ukurasa ni ukurasa". 14,000! Nikaweka 2,000 mezani, nikachomoa flashi yangu, nikaondoka, na huku nyuma namsikia anawarudishia wapya waliofika: PDF siyo chapati.

Mimi nimesoma uhazili. Nimechapa nyaraka tangu enzi za taipureta, ukikosea herufi unaanza ukurasa upya. Leo mtoto wa juzi ananifundisha kitufe!

---

Kijiti cha Mbele

Nimekaa siti ya mbele, nasoma maoni tu.

Binti Sengerema

Pole dadaangu. Huyo namjua, ni huyo huyo aliyenichapia barua ya maombi ya kazi akaandika "Ndugu Mkurungenzi". Nilipomwonyesha akasema hiyo ni ya kwenye kompyuta, yeye hahusiki.

Kaka Tochi

Huyo siyo wa mtaa wenu, ni wa mtaa wetu. Feni ni hiyo hiyo.

Mpiga Zumari

Ila dada naye. Umeona kitufe, umemwonyesha kitufe, amekitukana kitufe, na bado 2,000 umetoa. Hiyo 2,000 ni ya nini? Ya burudani?

Katibu Mhazili

@Mpiga Zumari nimetoa 2,000 kwa sababu alikuwa ameshikilia flashi yangu yenye mihtasari yote ya kikundi! Ungefanya nini wewe? Na usinihamishe kwenye hoja. Hoja ni kwamba mtu ana programu ya bure, imefunguka mbele ya macho yake, anaifunga kwa makusudi ili akafungue ya wizi inayochafua katiba ya watu, kisha anageukia foleni na kusema PDF siyo chapati. FOLENI, wakuu. Angeniambia chini chini ningemeza.

Fundi Waya

Niweke sawa kwa wanaosoma. LibreOffice ipo tangu 2010, ilipojitenga na OpenOffice.org, na OpenOffice.org yenyewe ilikuwa na kitufe hicho tangu toleo la 1.1, mwaka 2003. Hata kama hana LibreOffice, Windows 10 ilitoka 2015 ikiwa na printa ya bandia ndani yake, inaitwa Microsoft Print to PDF. Unabonyeza Kontroli na P, unaichagua, unahifadhi. Kivinjari cha Chrome nacho kinafanya hivyo hivyo kwa ukurasa wowote wa wavuti. Zamani kweli ilibidi usakinishe kitu kama PDFCreator, nayo ilikuwa ya bure. Kwa hiyo elfu moja kwa ukurasa ni ujambazi wa mchana.

Mwanasheria wa Kijiweni

Samahani, PDF ni mali ya Adobe. Ukitengeneza bila kuwalipa unaiba. Jamaa labda anafuata sheria.

Fundi Waya

@Mwanasheria wa Kijiweni anafuata sheria na programu iliyochakachuliwa? Adobe waliianzisha 1993, sawa. Lakini 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1, na Adobe wenyewe wakaruhusu yeyote aandike programu ya kuitengeneza bila malipo. Ndiyo maana LibreOffice inafanya bila kumwomba mtu. Rudi kijiweni.

Mwanasheria wa Kijiweni

Nimerudi. Kahawa imeisha.

Mama Ntilie wa Stendi

Naomba kuuliza, nani kasema chapati kila mtu anaweza kuipika? Huyo mtu katukana wapishi, siyo dada. Njooni asubuhi muone watu wanavyosukuma ramani ya Afrika wanaiita chapati.

Kaka Tochi

@Mama Ntilie wa Stendi hapo umenena. Na kwa nini zimefika 500 wakati zinazidi kuwa nyembamba? Ya jana nilimwona mwenzangu kwa upande wa pili.

Mama Ntilie wa Stendi

Uliza bei ya mafuta kwanza ndipo uje uongee na mimi.

Katibu Mhazili

Jamani uzi huu siyo wa chapati! Umeme umerudi. Nimewasha laptopu, nimefungua katiba ile ile, nimebonyeza kitufe kile kile, nimeweka jina, imetoka PDF safi kabla sijavua kilemba. Kurasa 14, hakuna wekundu, jina la mwenyekiti limetulia mahali pake. Sasa nazidi kuumia. Kumbe wakati ule ananidhalilisha alikuwa anajua kabisa kazi ni ya kubonyeza mara moja. Alinitazama machoni na akajua. Ndiyo kinachoniuma, alijua!

Mpiga Zumari

Au hakujua. Kuna watu wana LibreOffice miaka yote wanadhani ni ya kufungulia tu.

Katibu Mhazili

Alijua. Ungemwona macho.

Nyanda za Juu

Wewe umshukuru Mungu huyo alijaribu. Wa kwetu huku, ukimwambia PDF anachapa karatasi zote, anazipeleka kwenye skana moja moja, anakurudishia picha za karatasi na kuziita PDF. Anakutoza kuchapa, anakutoza kuskani, na karatasi anabaki nazo. Faili linakuwa zito mpaka mfumo wa maombi unalikataa, na ukitaka kutafuta neno ndani halipatikani kwa sababu ni picha tupu, hakuna maandishi. Barua yangu ilionekana na kivuli cha kidole gumba chake kwenye kila ukurasa. KILA ukurasa. Mwajiri akaniuliza usaili, hiki kidole ni sahihi yako?

Binti Sengerema

😂😂😂 kidole gumba

Fundi Waya

@Nyanda za Juu na hata vyeti ambavyo lazima viskaniwe havihitaji uzito huo. Vibandike kwenye hati ya LibreOffice, nenda "File", "Export As", "Export as PDF", dirisha likifunguka kuna sehemu ya picha: punguza kutoka 300 DPI (wingi wa nukta za picha) hadi 150, uhifadhi. Ukitaka kuunganisha PDF kadhaa ziwe moja kuna PDFsam Basic, ya bure pia. Msiwape hawa watu hela.

Nyanda za Juu

Mkuu asante ila mimi sina kompyuta, ndiyo maana nipo kwa mwenye kidole.

Bosi Kanituma

Mnalalamikia steshenari, mimi nalalamikia ofisini. Mkubwa wangu anasema nitumie PDF. Natuma. Anajibu "mbona haibadiliki?" Namwambia mzee, umetaka PDF. Anasema "nitumie PDF ya Word". Kila mwisho wa mwezi tunapigana vita hii. Mara ya mwisho aliifungua, akaipiga picha kwa simu, akaiweka kwenye Word, akaandika juu yake, akanirudishia.

Kaka Tochi

@Bosi Kanituma PDF ya Word 💀 huyo apewe cheo kingine.

Fundi Waya

Ipo kweli, lakini. LibreOffice ina sehemu ya kutengeneza PDF yenye hati asilia ndani yake, unaweza kuifungua tena ukairekebisha. Ila ukimfundisha huyo mkubwa, utakuwa unamfundisha mpaka unastaafu.

Katibu Mhazili

Narudia kwa waliofika sasa hivi, msianze kutoka katikati. Mtu amesimama, ana foleni ya watu wasiopungua taifa zima, akasema kwa sauti PDF SIYO CHAPATI, DADA. Na lile "dada" lenyewe alilivuta. Daaada. Mzee wa ubatizo alicheka. Nataka mtu mmoja tu aniambie hiyo ni sawa.

Kijiti cha Mbele

Siyo sawa.

Katibu Mhazili

Asante.

Mzee wa Picha

Tukiwa hapo hapo kwenye steshenari, naomba tuongelee lile koti. Koti la picha za pasipoti. Mnalijua. Linaning'inia nyuma ya mlango tangu sijaoa. Limevaliwa na kila mwombaji kazi wa kata hii, halijaonja sabuni hata siku moja. Nilivaa dakika moja, shingo ikawasha wiki nzima.

Binti Sengerema

@Mzee wa Picha WEWE, na tai yake yenye lastiki!

Nyanda za Juu

Siku hizi wamehamia kuweka suti kwa kompyuta. Mimi niliwekewa kichwa kwenye mabega ya mtu mnene, shingo haipo. Nikienda kuchukua kitambulisho walinzi wanazunguka kunitafuta.

Mpiga Zumari

Mnalia suti, mimi wamenipausha uso mpaka mama aliuliza ni nani huyu. Nilikataa kulipa, tukashikana pale.

Bosi Kanituma

Mlishikana kwa koti lipi 😂

Mzee wa Picha

Nyuma ya picha rangi ipi inatakiwa kwani? Yule wangu ananiambia bluu, ofisi inataka nyeupe, nimeshalipia zote mbili.

Kaka Tochi

Bluu.

Binti Sengerema

Nyeupe, acha kumpoteza mzee wa watu.

Kaka Tochi

Mimi walinipokea na bluu.

Mzee wa Picha

Ofisi ipi hiyo mkuu? Njoo faragha.