Mita ya maji ya kupozea inasoma 7 badala ya 12, lakini joto halijabadilika

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya plastiki inayopozwa kwa maji ya mzunguko. Sensa ya mtiririko ni ile ya rota (gurudumu dogo linalozungushwa na maji) yenye sumaku, volti 24, waya 3, aina ya NPN (inavuta ishara kwenda 0 V), inapeleka mapigo kwenye PLC (kompyuta inayoendesha mashine). Kawaida inasoma lita 12 kwa dakika. Kwa wiki 3 namba imeshuka taratibu hadi 7, na mara nyingine inaruka ghafla hadi 15. Alamu imewekwa kwenye lita 8, kwa hiyo mashine inajizima. Maji yanaingia yakiwa nyuzi 25 na kutoka nyuzi 30, kama zamani. Nibadilishe pampu au sensa?

Fundi_Mita:
Pampu iache kwanza. Jibu umeshalitoa kwenye joto. Kama mzigo wa mashine haujabadilika na maji yangeshuka kweli kutoka 12 hadi 7, tofauti ya nyuzi 5 ingepanda hadi karibu 8.6. Haikupanda, maana yake maji yapo na mita ndiyo inayodanganya.

Hakikisha kwa ndoo. Kwenye mdomo wa bomba linalorudi tangini, kinga lita 10 huku ukipima muda. Sekunde 50 ni lita 12 kwa dakika, sekunde 86 ni lita 7. Usifungue bomba katikati ya njia, kwa sababu ukiondoa ukinzani wa mbele maji yatatoka mengi kuliko yanayopita kawaida.

Ndoo ikikubaliana na joto, funga valvu za pande zote mbili, toa presha, ufungue kifuniko cha sensa. Piga picha ya rota kabla hujaitoa, maana ikirudi kinyume itasoma vibaya. Nategemea utakuta tope jeusi laini limeng'ang'ania kwenye mapanga. Hiyo ni kutu ya chuma inayovutwa na sumaku, na ndiyo inayoifanya rota iwe nzito. Ibandue kwa utepe wa gundi (selotepu), kisha mswaki laini. Ukiona na magamba meupe ya chokaa, loweka rota kwenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji, dakika 20 hadi 30, halafu suuza. Brashi ya waya marufuku.

Kagua shafti kwa ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, badilisha shafti na rota pamoja. Rota mpya juu ya shafti iliyolika haidumu. Kama oringi (pete ya kuzuia uvujaji) ni ya EPDM, aina ya raba, ipake grisi ya silikoni tu. Grisi ya petroli huivimbisha.

Waya_Tatu:
Naongeza upande wa umeme. Rota nzito hupunguza mapigo, haiyaongezi. Huko kuruka hadi 15 ni tatizo la pili: ama hewa ndani ya maji, ama kelele ya umeme (mapigo ya uongo yanayoingia kwenye waya).

Hewa: chota maji kwenye glasi. Yakiwa meupe kama maziwa, kisha yakaanza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, ni viputo. Tafuta uvujaji upande wa kunyonya wa pampu, na uangalie kimo cha maji tangini.

Kelele: chomoa waya mweusi wa ishara kule kwenye sensa, kebo ibaki mahali pake, mashine ikizunguka bila mzigo kwa muda mfupi. PLC ikiendelea kuhesabu, mapigo yanazaliwa ndani ya kebo.

Ukitaka kupima sensa yenyewe, weka maltimita kati ya waya mweusi na bluu (wa 0 V). Rota ikisimama utaona karibu volti 0 au karibu 24. Ikizunguka, wastani wa takriban 12. Ikibaki 0 muda wote, angalia kama rezista kati ya ishara na 24 V ipo, kwa sababu NPN haitoi volti yenyewe.

Zamu_ya_Usiku:
Ndoo: sekunde 51. Tope jeusi lilikuwepo, na shafti imelika upande mmoja. Nimebadilisha shafti na rota, sasa inasoma 11.6. Glasi ni safi. Ila motor kubwa ikiwaka bado inaruka hadi 15, hata waya mweusi ukiwa umechomolewa.

Waya_Tatu:
Basi ni kebo. Itenganishe na kebo ya inveta (kifaa kinachoendesha kasi ya motor) angalau sentimita 30, na zikilazimika kupishana zipishane kama msalaba. Neti ya kinga ya kebo ya sensa iungwe na ardhi upande wa paneli peke yake. Kama ile rezista kati ya ishara na 24 V ni kilo-omu 10, jaribu ya kilo-omu 2.2 (mkondo utakuwa kama mA 11, hakikisha sensa inauvumilia).

Fundi_Mita:
Na tafadhali usishushe alamu chini ya 8 ili mashine isikusumbue. Weka chujio lenye sumaku kabla ya sensa, upime dawa ya kuzuia kutu kwenye maji. Tope hilo linatoka kwenye mabomba yako, na rota mpya italikusanya vilevile.