Makabrasha ya kikao kwenye kishikwambi: Google Calendar, Outlook, kalenda ya Apple au tubaki WhatsApp?

katibu_moro
Habari za jioni wadau. Mimi ni katibu wa bodi ya SACCOS ya watumishi hapa Morogoro, bodi imeamua tuache kuchapa makabrasha maana kila kikao ni rimu za karatasi na wino na bado mjumbe akiwa safarini hapati chochote. Vishikwambi tunavyo ila havifanani, wengi wana Samsung, wawili wana iPad, mwenyekiti kalenda yake ni Outlook ya ofisini kwake, na kuna mwalimu anatumia kile kishikwambi cha sensa ya 2022 walichogawiwa walimu. Ninachotaka ni mjumbe afungue kalenda, aguse kikao, akute humo humo agenda, muhtasari wa kikao kilichopita na taarifa ya fedha, asinipigie saa nne usiku kuuliza "katibu, kabrasha liko wapi". Naomba mlinganishe kwa mnachokijua kwa vitendo, gharama iwe ndogo au isiwepo kabisa.

fundi_nyegezi
Mkuu katibu, kwa mchanganyiko huo anza na Google Calendar na Drive (hifadhi ya mafaili ya Google mtandaoni). Unatengeneza tukio, unaongeza kiambatisho kutoka Drive, unaalika wajumbe kwa barua pepe zao, mjumbe akigusa tukio kwenye kishikwambi anaona faili chini ya maelezo, akiligusa linafunguka kwenye Drive. Akaunti ya bure inakupa GB 15, na kwa makabrasha ya PDF hizo huzimalizi leo wala kesho. Ila lazima uelewe kitu kimoja kabla hujaenda mbali: kiambatisho cha Google ni linki, faili lenyewe halisafiri na mwaliko, linabaki kwenye Drive yako. Kwa hiyo kama hujampa mjumbe ruhusa ya kuliona atakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa na wewe ndo utapigiwa simu. Na hata ukimpa, kama kishikwambi chake kina akaunti mbili, ya kwake na ya kazini, Drive inaweza kufungua na ile ambayo hukuialika, akaona kama amefungiwa. Mfundishe kugusa ile picha ya duara juu kulia abadilishe akaunti, hapo malalamiko mengi yanaisha.

mhasibu_dom
Naheshimu mchango wa fundi ila mimi nipo upande wa Outlook na OneDrive (hifadhi kama hiyo ya Microsoft), hasa kama mwenyekiti tayari yuko huko. Uzuri wa Outlook ukiandaa kikao kwenye laptopu inakuuliza unataka kuambatisha nakala ya faili au linki ya OneDrive. Nakala inaenda na mwaliko wenyewe, mtu hahitaji ruhusa ya mtu. Kwa bodi yenye wazee ambao hawataki mambo ya akaunti na nywila hilo ni jambo kubwa sana. Bure ya OneDrive ni GB 5 tu.

fundi_nyegezi
@mhasibu_dom sawa kabisa ndugu, ila nakala hiyo inafika vizuri kwa nani? Mjumbe ambaye kalenda yake ni ya Google, faili uliloambatisha kama nakala linabaki kwenye barua pepe ya mwaliko, kwenye tukio la kalenda halipo. Sasa yeye aliambiwa afungue kalenda, anagusa kikao, anaona tarehe na ukumbi basi, anasema katibu hajatuma, kumbe limo kwenye barua pepe ya wiki iliyopita chini ya matangazo mia.

mhasibu_dom
Hapo umenena. Sisi ofisini wote ni Outlook ndo maana hilo halijatokea.

pwani_254
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu kamati nzima iko na iPad kwa hivyo tunatumia Calendar ya Apple yenyewe, tangu iPadOS 13 (mfumo wa iPad) ya 2019 unaweza kuweka kiambatisho kwenye tukio moja kwa moja, unachukua kutoka Files (programu ya mafaili ya Apple), na kwa iCloud kiambatisho kinafika hadi MB 20. Ni safi sana, unagusa PDF inafunguka papo hapo. Lakini katibu sitakudanganya, hii ni ya watu ambao wote wako upande wa Apple. Kwa watu wawili wenye iPad kati ya bodi nzima usiichukue kama msingi, hao wawili waingize akaunti zao za Google kwenye iPad au wapakue Google Calendar maisha yaendelee.

mama_vikoba
Jamani mbona mnamzungusha katibu. WhatsApp kila mtu anayo, unatupia PDF kwenye grupu la bodi, tangu 2022 faili hata la GB 2 linapita, na sasa hivi hata iPad ina WhatsApp yake toka mwaka 2025. Wajumbe wetu wa kikoba wengi ni mama zetu wa sokoni, ukiwaambia kalenda wanakuangalia tu, ukiwaambia "angalia grupu" wameelewa. Teknolojia nzuri ni ile watu wameshaizoea.

katibu_moro
@mama_vikoba dada nakuelewa na ndiko tulipo sasa. Shida ni kwamba natuma taarifa ya fedha Jumatatu, Jumatano mhasibu anarekebisha natuma nyingine, Alhamisi ndani ya kikao mjumbe mmoja anasoma ukurasa wa tano wa ile ya kwanza na mwingine wa ile ya pili, namba hazifanani na mjadala unahama kwenye hoja unakuwa wa "yangu inasema hivi". Na hapo katikati kuna salamu za asubuhi, pole za msiba na picha za harusi, faili limeshapanda juu halionekani. Hiyo ndo sababu hasa ya kutaka kalenda.

fundi_nyegezi
Katibu hapo umegusa kiini cha uzi huu, na naomba nieleze kidogo kwa nini mambo haya yanachanganya. Kalenda nyingi zinaelewana kwa lugha moja inaitwa iCalendar, kiwango chake cha sasa kimetoka 2009, na ndani yake kiambatisho kinaruhusiwa kwa njia mbili, ama anwani ya mahali faili lilipo ama faili lenyewe limefungwa ndani ya tukio. Kila kampuni ikachagua njia inayoipenda, ndo maana unaona kwenye laptopu kipo na kwenye tablet hakipo. Upande wa Exchange (mfumo wa Microsoft wa barua pepe na kalenda za ofisini) ndo kabisa, ule mfumo unaopeleka kalenda kwenye simu na vishikwambi haukuwa unabeba viambatisho vya matukio mpaka toleo la 16 la mwaka 2015, kwa hiyo kishikwambi chenye programu ya zamani kitakuonyesha kikao bila faili na hakuna mtu aliyekosea chochote.

Sasa kuna sehemu moja ambayo kila kalenda inaibeba bila ubishi, nayo ni maelezo ya tukio, yale maandishi ya kawaida. Linki ukiibandika pale itaonekana kwenye Samsung, kwenye iPad, kwenye Outlook ya mwenyekiti, na hata kwenye kile kishikwambi cha mwalimu. Kwa hiyo ushauri wangu, acha kupigania kalenda ipi, kila mjumbe abaki na aliyoizoea, wewe tafuta sehemu MOJA ya kuweka faili na linki yake iweke kwenye maelezo ya kikao.

mhasibu_dom
Nakubali hili, na linki ya OneDrive ingefanya kazi hiyo hiyo. Tofauti nayoiona ni kwenye kubadilisha faili.

katibu_moro
Ndo swali langu linalofuata. Mhasibu akirekebisha taarifa Jumatano, si nitapata linki mpya na ile ya mwanzo inakufa?

fundi_nyegezi
Hapana, usifute na kupandisha upya. Ingia Drive kwa laptopu, bonyeza kulia kwenye ile PDF, kwenye taarifa za faili kuna sehemu ya kudhibiti matoleo, pandisha toleo jipya hapo. Linki inabaki ile ile, jina lile lile, mjumbe akifungua anakuta la Jumatano. Toleo la zamani linakaa siku 30 ndipo linaondoka, labda uamue kulihifadhi moja kwa moja, ikitokea ubishi nani alibadilisha nini unalo. Ukishindwa kumwelewesha mjumbe kitu kingine chochote, hiki peke yake kinamaliza ile vita ya kurasa mbili tofauti.

mwl_kata
Mimi ni miongoni mwa hao walimu wa vishikwambi vya sensa, niko kata ya pembezoni, na mnapoongea linki mnanisikitisha kidogo. Vikao vyetu vya kamati ya shule vinafanyika mahali mtandao ni wa kutafuta kwa kupanda kwenye kichuguu. Linki bila mtandao ni maandishi ya bluu tu. Tunachofanya sisi, jioni kabla ya kikao ukiwa mahali pana mtandao unafungua Drive, unashika faili, unachagua lipatikane nje ya mtandao, unasubiri lishuke lote. Halafu (hii ni muhimu) unazima data na unalifungua palepale nyumbani uone kama linafunguka kweli. Kalenda itakuonyesha kikao hata bila mtandao, lakini faili hailishushi yenyewe, watu wengi wanadhani vinashuka pamoja.

Jingine, kwenye kishikwambi Drive inataka uchague faili moja moja au ushike kadhaa kwa pamoja, folda nzima huwezi. OneDrive folda nzima inakubali ila kwa wanaolipia. Kwa hiyo katibu ukiweka mafaili tisa kwenye folda unatutesa, unganisha agenda, muhtasari, yatokanayo, taarifa zote ziwe PDF moja ndefu yenye namba za kurasa mfululizo. Kabrasha lilikuwa moja la karatasi, libaki moja.

mama_vikoba
Mwalimu hapo kwenye kuzima data na kujaribu nimekupenda bure, nitaipeleka kwa wenzangu hata kwa PDF za WhatsApp.

pwani_254
Naunga mkono PDF moja. Na tafadhali isiwe ya kuskani, kama waraka umeandikwa kwenye Word usevu moja kwa moja kuwa PDF, usichape ndio uskani tena. Ya kuskani inakuwa nzito, inakula bando la watu, na huwezi kutafuta neno ndani. Ukisevu kutoka Word mjumbe anaandika "mikopo chechefu" kwenye kutafuta anafika ukurasa huo kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi.

mhasibu_dom
Kwa nini PDF na sio Word au Excel yenyewe: programu za Microsoft kwenye skrini inayozidi inchi 10.1 zinaruhusu kusoma bure ila kuhariri ni mpaka ulipie Microsoft 365. Kwa hiyo mwenye kishikwambi kidogo anahariri, mwenye iPad kubwa anashindwa, na kila mmoja anashangaa. PDF haina ubaguzi huo. Wenye Samsung yenye peni, kama Tab S6 Lite ambayo peni inakuja kwenye boksi lake, waingize PDF kwenye Samsung Notes waandike pembeni kama walivyozoea kwenye karatasi. Hayo maandishi yanabaki kwao, hayaharibu la katibu.

wakili_msomi
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa hili, naomba mlichukulie kwa uzito. Makabrasha ya SACCOS yana maombi ya mikopo, majina ya wanachama, mishahara, nani anadaiwa nini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019. Katibu, USIWEKE ile ruhusa ya "yeyote mwenye linki" eti kwa sababu ni rahisi. Linki ikitoka kwenye kalenda ikaingia kwenye grupu moja la ukoo, deni la mwanachama limeshakuwa habari ya mtaa. Weka barua pepe za wajumbe mmoja mmoja, wapewe kutazama tu. Na kwenye tukio la Google kuna alama inayoruhusu wageni kualika wengine, huwa imewashwa, iondoe. Mjumbe akimaliza muda wake kwenye bodi mwondoe kwenye ruhusa siku hiyo hiyo, na vishikwambi vyote viwe na nywila ya kufungulia, hilo liingie kwenye azimio la bodi kabisa lisiwe ombi.

fundi_nyegezi
Wakili umeongea. Na hapa nabadilisha kidogo msimamo wangu wa mwanzo, kwa maombi ya mikopo yenye majina mimi ningetenga PDF ya pili yenye ruhusa ya kamati ya mikopo peke yake, iende kwenye kikao chao. Bodi nzima ipate jumla.

katibu_moro
Wadau mbarikiwe. Kuna mtu amenipigia anauza programu maalumu ya bodi, anasema ina kalenda, makabrasha na kura ndani yake. Mnasemaje?

mhasibu_dom
Zipo na zinafanya kazi, mashirika makubwa yanatumia kina Diligent. Kwa bodi ya watu wachache inayokutana mara moja kwa mwezi siioni faida ya malipo ya kila mwaka wakati hata akiba ya wanachama ndo hiyo. Mkikua mtaifikiria.

katibu_moro
Basi nimeamua hivi: PDF moja kwenye Drive, ruhusa kwa barua pepe za wajumbe tu, linki kwenye maelezo ya tukio na kiambatisho pia kwa wale wa Google, marekebisho kwa njia ya matoleo, na siku moja kabla nakumbusha kwenye WhatsApp kila mtu alishushe (dada @mama_vikoba grupu halifi). Swali la mwisho, kikao chetu ni kila Alhamisi ya pili ya mwezi, nimekitengeneza kama tukio la kujirudia. Nikiweka linki ya mwezi huu haitatokea miezi yote?

fundi_nyegezi
Itatokea ukichagua matukio yote. Ukisevu Google inakuuliza: tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Chagua hili tu. Na mwenyekiti wa Outlook mtumie mwaliko leo leo akiwa ofisini, aguse linki mbele yako, ofisi nyingine zimefunga Drive kwenye mtandao wao, bora ujue mapema umpe hotspoti alishushe.

katibu_moro
Sawa mkuu, kesho asubuhi naanza na yeye.

mwl_kata
Katibu, na yule mwalimu mwenzangu usimsahau, umtumie mapema, sisi mpaka tushuke mjini Jumamosi.